Nanga za Ardhini na Kiwanja cha Jirani

Ninyi wakubwa zetu mliokwisha maliza masomo na sasa mnajenga huko mijini, naomba nafasi kidogo nieleze juu ya kazi moja ya mafundi ambayo wengi hawaijui, kwa sababu ikimalizika haionekani tena.

Sisi wa Rusizi twajua kukata mlima. Mtu akitaka kujenga Kamembe huchimba upande wa juu, hujaza upande wa chini, hujenga ukuta wa mawe, kisha huomba mvua iwe na huruma. Katika miji mikubwa ardhi ni ghali, basi mwenye jengo huteremka chini ghorofa mbili tatu ili apate mahali pa kuweka motokaa, na huku nyumba ya jirani imesimama ukingoni mwa shimo lake.

Tufanye hesabu. Udongo wa mchanga una uzito wa tani 1.8 hivi kwa mita moja ya ujazo. Shimo likiwa na kina cha mita 10, udongo mkavu husukuma kila mita moja ya ukuta kwa nguvu ya tani 30 hivi. Maji yakijaa nyuma, nguvu hiyo huzidi mara mbili. Kuchimba karibu na jengo si mchezo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 20; walioshuhudia walisema kazi ya kupanua sehemu ya chini ilikuwa imeanza jana yake.

Zamani ukuta wa shimo ulizuiwa kwa vyuma vilivyolazwa kutoka upande mmoja hadi wa pili, hata mashine zikakosa pa kugeukia. Nanga huuvuta ukuta kutoka nyuma. Mfaransa André Coyne alitumia nanga za namna hii mwaka 1934 katika bwawa la Cheurfas, Algeria, na mwaka 1958 kampuni ya Bauer ilizitia katika udongo mjini Munich.

Mashine hutoboa tundu la mshazari kupitia ukuta. Waya nene za chuma zilizosokotwa huingizwa, na uji wa saruji hutiwa kwa nguvu mwisho wa tundu. Saruji ikikauka, jeki huzivuta waya, na kabari huzifunga. Waliopata kupiga hema wanajua kwamba kigingi kilicho karibu mno na nguzo hakifai kitu. Kadhalika sehemu ya nanga inayoshika lazima iwe mbali, nyuma ya udongo unaotaka kuteleza, na mbali huko mara nyingi ni chini ya kiwanja cha jirani.

Hapo ndipo penye neno. Katika Rwanda viwanja zaidi ya milioni 10 vimeandikishwa tangu 2009, kila kimoja na namba yake. Jirani akija kuchimba msingi wake miaka 10 baadaye, mashine yake itanaswa na waya ambazo hakuziweka yeye. Katika miji kama Singapore na Hong Kong, ambako treni hupita chini ya ardhi, hatari ni kubwa zaidi. Kwa hiyo mafundi walibuni nanga inayotolewa.

Waya wake huvikwa ala ya plastiki yenye grisi, usiguse saruji. Mwisho wa tundu huzunguka kipande kilichopinda, kisha hurudi juu. Pitisha kamba nyuma ya shina la mti, ushike ncha zote mbili: ukivuta zote, mti unakushika, ukiachia moja na kuvuta nyingine, kamba yote inakuja. Ni hivyo tu! Lakini waya uliokunjwa hupoteza sehemu ya nguvu zake, hivyo zahitajika nyaya zaidi na fedha zaidi. Mimi naona gharama hiyo ni halali ya mwenye shimo, kwa maana jirani hakumwomba achimbe.

Kutoa nako kuna utaratibu. Sakafu hujengwa kutoka chini kwenda juu, na nanga haiguswi mpaka sakafu iliyo karibu nayo imekuwa ngumu na kuubeba ukuta. Ni lazima pia iachwe nafasi ya jeki. Waya zikitoka huhesabiwa moja moja na kulinganishwa na daftari la siku zilipoingia. Chini ya jirani hubaki saruji na kile kipande kilichopinda.