Majani Makavu Yanapoishinda Breki

Waingereza hufanyia mzaha treni zinazocheleweshwa na majani makavu, ingawa jambo lenyewe halichekeshi. Enzi za mvuke, zilizokoma katika reli kuu mwaka 1968, vichaka vya kandokando vilifyekwa daima kwa hofu ya cheche. Cheche zilipotoweka, ufyekaji ulilegea, miti ikatamalaki. Kila Oktoba na Novemba majani hupukutika, yakasagwa na magurudumu hadi yakawa utando mweusi, utelezi mithili ya sabuni. Breki hukamata; treni haisimami. Tarehe 31 Oktoba 2021, huko Salisbury, treni iliteleza, ikapita taa nyekundu, ikaigonga nyingine. Kung'oa miti yote nako si dawa, kwani mizizi hushikilia udongo wa matuta, na ndege hutaga matawini. Basi reli huoshwa kwa maji yenye kani, kisha hupakwa uji mzito wenye mchanga.