Kwa Nini Silaha Huchelewa

Maji ya Kivu yetu hushuka kwa mto Ruzizi mpaka ziwa Tanganyika. Huko, mwaka 1915, Wajerumani walitawala kwa meli zao. Mwezi wa Aprili mwindaji John Lee alipeleka shauri London: ziletwe mashua za mota. Sir Henry Jackson, mkubwa wa manowari, akakubali. Mashua mbili, Mimi na Toutou, zilikuwa zimeagizwa na Wagiriki; zikachukuliwa. Tarehe 8 Juni zikajaribiwa mtoni Thames. Mzinga haukufungwa barabara. Ulipopigwa, ukatumbukia majini pamoja na mpigaji wake! Bila jaribio lile ungalitumbukia Tanganyika, mbele ya adui. Tarehe 15 Juni safari ikaanza, na tarehe 26 Desemba wakaiteka meli Kingani.

Basi ukaguzi una kazi yake. Taabu ni ngazi zikizidi: kila mkubwa akiuliza, karatasi hushuka, kisha hupanda tena. Mwaka 2015 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitazama miradi 24 ya silaha. Kwa wastani kila mmoja ulitumia zaidi ya miaka 2 kutayarisha hati, pengine 49, kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Hati nyingine zilipita ngazi 8. Wenye miradi walipoulizwa, waliona kiasi cha nusu tu zina faida kubwa.