Soma Bei Kabla ya Kula

Ndugu msomaji wa Rau, huenda siku moja ukasafiri kwenda Oman kumtembelea ndugu au kufanya kazi. Ukifika Maskati utakula hotelini. Ufanye nini usipate hasara wala aibu?

Kwanza, soma bei kabla ya kuagiza. Fedha ya Oman ni riali. Riali 1 ina baisa 1,000. Ukiona bei 1.500, si elfu moja na mia tano. Ni riali 1 na baisa 500. Tena, tarakimu za Kiarabu ni tofauti. Tano yao inafanana na sifuri yetu. Sifuri yao ni nukta. Usipoelewa, uliza. Wako Waomani wengi waliowahi kuishi Unguja, nao wanajua Kiswahili.

Pili, nawa mikono. Hoteli nyingine watu huketi chini, juu ya zulia. Vua viatu. Wali na nyama huletwa katika sinia moja. Kula kwa mkono wa kulia, na upande wako tu.

Tatu, utapewa kahawa. Sisi tunailima, lakini wao huitia iliki, na huinywa kwa tende badala ya sukari. Ukitosheka, tikisa kikombe. Usipotikisa, utaongezewa.

Nne, mchana wa Ramadhani usile wala kunywa mbele ya watu. Sheria inakataza, hata kama wewe si Mwislamu. Ngoja jua lizame.

Umejifunza kusoma na kuhesabu. Elimu hiyo safiri nayo.