Theluthi ya Asiye na Mtoto

Mtu akifariki bila mtoto, ukoo husema mali imerudi kwa kaka zake. Kwa Waislamu wa Kenya, ambao kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi kinawaachia mirathi ya dini yao, na kwa wenzao wa Zanzibar, kauli hiyo si sahihi. Qur'ani inaitaja hali hii, ikiwa baba naye hayupo, kwa jina la kalala, katika aya mbili za Sura An-Nisaa, ya 12 na ya 176, na mafungu yake yanakwenda mbali zaidi ya kaka. Tuseme marehemu, ambaye baba na babu wamemtangulia, ameacha mke, mama, dada wa kuchangia mama, na kaka wa baba mmoja mama mmoja. Baada ya mazishi na madeni zimebaki shilingi milioni 12. Mke ana robo, milioni 3. Mama ana sudusi, yaani moja ya sita, milioni 2. Lau ndugu wasingefika wawili, angepata theluthi. Dada naye ana sudusi, milioni 2. Kaka ni asaba, huchukua kilichobaki, milioni 5: fungu kubwa kuliko yote, lakini halifiki nusu.

Tena kuna siku hakibaki kitu. Mwanamke akiacha mume, mama, ndugu wawili wa kuchangia mama na kaka wa baba mmoja mama mmoja, mume huchukua nusu, mama sudusi, wale wawili theluthi, na hesabu imekwisha. Khalifa Umar kwanza aliwanyima kaka wa namna hiyo, kisha, walipohoji kwamba mama yao ni yule yule, akawaingiza katika theluthi ile. Mafakihi wa Kishafii, madhehebu ya wengi pwani, wamefuata hukumu ya pili. Wahanafi wamebaki na ya kwanza.

Hata hivyo, mgawanyo huu hufuata nasaba na ndoa, hauangalii nani alimuuguza marehemu. Kaka akiwa amekwishafariki, mwanawe wa kiume hurithi hata kama hajawahi kubisha hodi. Binti wa dada aliyempikia na kumwosha mgonjwa miaka nenda miaka rudi hapati kitu maadamu asaba wapo. Mtoto wa kulea pia hana fungu. Ndiyo maana nashikilia kwamba asiye na mtoto anauhitaji wasia kuliko mwenye watoto. Sheria inamruhusu kuwausia wasio warithi hadi theluthi ya mali.

Wapo wanaosema Mungu amekwisha kugawa, na wasia ni kumsahihisha. Lakini aya ile ile ya 12 imeyaweka mafungu nyuma ya wasia na deni, kwa hiyo wasia ni sehemu ya mgawanyo wenyewe. Hoja nzito zaidi ni ya mjane: theluthi ikitoka kwenye ile milioni 12, robo yake inashuka hadi milioni 2. Ni kweli, na Mtume alipomruhusu sahaba wake Saad bin Abi Waqqas kuusia theluthi alimwambia kwamba hiyo nayo ni nyingi. Penye mjane asiye na kingine, au mama mzee, heri kuusia sudusi au pungufu. Ila uandikwe, na washuhudie watu wawili waadilifu wasionufaika nao, maana mbele ya Kadhi binti wa dada hawezi kudai kwa huduma aliyoitoa, ataulizwa wasia.