Kidonda cha Mguu Kisichopona: Muuguzi Anapokuja Nyumbani

Leo tutazungumzia kidonda cha mguu, kile kinachokaa miezi, hata miaka, bila kupona.

Huenda nyumbani kwako yupo nyanya, babu au mzazi mwenye kidonda cha namna hiyo. Kilianza kama mkwaruzo mdogo tu, labda alijigonga kwenye kiti. Mmekiosha, mmekipaka dawa, mmekinyunyizia unga wa kapsuli, na bado kipo. Jirani mmoja amesema hilo ni donda ndugu. Mwingine amenong'ona kwamba mzee amerogwa. Msikilizaji, mara nyingi tatizo si uchawi, wala si uchafu. Tatizo ni damu, haizunguki vizuri katika mguu ule.

KWA NINI HAKIPONI?

Ngozi ikijeruhiwa, damu ndiyo inayoleta chakula na hewa safi ya kuijenga upya. Damu hiyo hiyo ndiyo inayoondoa taka. Sasa fikiria shamba linalopata maji kwa mfereji. Maji yakiingia yasipate pa kutokea, shamba hugeuka kinamasi na mizizi huoza. Maji yasipofika kabisa, mimea hukauka. Mashamba yote mawili hayatoi mavuno, lakini matibabu yake ni tofauti. Ndivyo ilivyo kwa mguu.

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo hupatikana zaidi, ni ya damu isiyorudi juu. Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ina vilango vidogo vinavyoizuia isiteremke tena. Vilango hivyo hulegea kwa sababu ya umri, uzito mkubwa, mimba nyingi, au damu iliyowahi kuganda mguuni. Kusimama kutwa nzima pia huchangia, kama anavyosimama mama muuzaji wa sokoni tangu alfajiri hadi jioni. Damu hutuama, mguu huvimba, na ngozi iliyo juu ya kifundo huwasha, hugeuka nyeusi zaidi na kuwa ngumu. Kidonda hutokea hasa upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo. Huwa kipana, hakiendi ndani sana, na hutoa majimaji mengi. Mgonjwa hupata nafuu akiinua mguu.

Aina ya pili ni ya damu isiyofika chini. Mishipa inayopeleka damu miguuni imekuwa myembamba au imeziba. Sigara, kisukari na shinikizo la damu ndivyo visababishi vikubwa. Unyayo huwa baridi, na ngozi hung'aa na kukosa malaika. Shavu la mguu huuma mtu akitembea na kutulia akisimama. Kidonda hutokea kwenye vidole, kisigino au ukingo wa unyayo. Huwa kidogo lakini chenye shimo, kama kilichotobolewa, na mara nyingi ni kikavu. Huuma sana usiku, na mgonjwa hupata nafuu akiteremsha mguu kando ya kitanda.

Wako wagonjwa wenye shida zote mbili kwa pamoja. Mwenye kisukari naye anaweza kupoteza hisia miguuni, akatembea juu ya kidonda bila kujua. Vijana wenye ugonjwa wa selimundu pia hupata vidonda sugu karibu na vifundo vya miguu.

USIKAZE BENDEJI KABLA MGUU HAUJAPIMWA

Mama, ukisahau mengine yote ya leo, shika hili moja. Mguu ambao damu yake hairudi juu hutibiwa kwa kufungwa bendeji ya kukaza. Bendeji hiyo huisukuma damu iliyotuama irudi juu. Bila kukaza, kidonda hicho kinaweza kukaa miaka. Lakini bendeji hiyo hiyo, ikifungwa kwenye mguu ambao damu haifiki, hukata hata ile damu kidogo iliyobaki. Vidole vinaweza kufa, na mgonjwa akaishia kukatwa mguu. Ndiyo maana si vizuri kuazima bendeji ya jirani kwa kuwa yeye ilimsaidia.

Kipimo chenyewe hakiumizi. Mgonjwa hulala, kisha mtaalamu hupima shinikizo la damu la mkono na la kifundo cha mguu, na kuyalinganisha. Kwa mtu mwenye afya, la kifundo hukaribiana na la mkono au hulizidi kidogo. Likiwa chini ya sehemu 8 kwa 10 za lile la mkono, mguu usikazwe kwa bendeji ya nguvu, na daktari aamue la kufanya. Kwa mwenye kisukari kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa sababu mishipa yake huwa migumu, kwa hiyo huhitaji uchunguzi zaidi. Kwa hivyo safari ya kwanza ni ya hospitali. Baada ya hapo, matibabu mengi yanaweza kuendelea nyumbani.

MUUGUZI AKIJA, ATAFANYA NINI?

Mtu mwenye kidonda cha mguu hupata taabu kupanda matatu kila wiki. Muuguzi anaweza kumfuata nyumbani, kwa kawaida mara moja au mbili kwa wiki, au zaidi ikiwa majimaji ni mengi. Mwombe akuonyeshe leseni yake ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Muuguzi wa kweli hataudhika. Mwonyeshe pia barua ya daktari na dawa zote anazotumia mgonjwa.

Mwandalie kiti, meza iliyopanguswa, mwanga wa kutosha, sabuni, na maji yaliyochemshwa na kupoa. Watoto na kuku wakae nje kwa muda huo. Kisha mtazame anavyofanya kazi, maana nawe utajifunza.

Kwanza atanawa mikono na kuvaa glavu. Atatoa bendeji ya zamani polepole. Ikiwa imeshikana na kidonda, ataiowesha kwa maji badala ya kuivuta. Ataangalia rangi, harufu na majimaji, kisha atapima urefu na upana na kuandika. Usidharau kuandika huko. Macho husahau, lakini daftari halisahau. Ataosha kidonda kwa maji safi au maji ya chumvi ya hospitali. Nyama iliyokufa ataiondoa yeye mwenyewe akiona inafaa. Wewe usiiguse kwa wembe wala kwa mkasi.

Baada ya hapo ataweka kitambaa cha hospitali kisichoshikana na kidonda, na kuipaka mafuta ngozi kavu inayokizunguka. Ikiwa mguu umepimwa na unafaa kukazwa, atazungusha pamba laini kwanza, kisha bendeji kuanzia karibu na vidole hadi chini ya goti. Mkazo huwa mkubwa kifundoni na hupungua kadiri anavyopanda. Akimaliza ataangalia rangi na joto la vidole.

Kabla hajaondoka, muulize maswali haya: Kidonda kimepungua? Utarudi lini? Nikipata shida usiku nimpigie nani?

KAZI YAKO KATI YA ZIARA ZAKE

Muuguzi hukaa labda nusu saa. Siku zilizobaki mgonjwa yuko mikononi mwako.

Kila siku tazama vidole. Vikivimba, vikibadilika rangi, vikiwa baridi au vikifa ganzi, au mgonjwa akilalamika kwamba bendeji inamuumiza ghafla, ifungue mara moja na umpigie muuguzi. Usingoje asubuhi.

Kwa mguu ambao damu hairudi juu, mlaze mgonjwa na kuinua mguu juu ya mito, uwe juu kuliko kifua, nusu saa mara tatu au nne kwa siku. Akiwa ameketi, achezeshe kifundo juu na chini. Atembee kidogo kidogo, kwa maana shavu la mguu likikaza na kulegea husukuma damu. Kwa mguu ambao damu haifiki, usiuinue juu namna hiyo, na usiukande kwa maji moto wala kuuweka karibu na jiko. Ngozi isiyo na damu ya kutosha huungua upesi.

Bendeji isilowe. Zilizotumika zifunge kwa gazeti, uzichome au uzitupe kwenye choo cha shimo, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Kidonda hujengwa pia kwa chakula. Maharagwe, ndengu, mayai, omena, maziwa, mboga za kijani na matunda kama mapera na machungwa vyote vinafaa. Mwenye kisukari asiruke dawa zake. Anayevuta sigara aache, kwa sababu kila moja huibana mishipa ambayo tayari ni myembamba. Na usimpake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, spiriti wala unga wa kapsuli. Vitu hivi huchoma nyama changa au huingiza vijidudu. Dawa za kuua vijidudu humezwa pale tu daktari anapoona kidonda kimeambukizwa.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo ukiona joto na uvimbe unaoenea kuzunguka kidonda, usaha, harufu mbaya iliyozidi, maumivu yaliyoongezeka, homa, au kidole kinachogeuka cheusi. Mguu ukiwa baridi ghafla, ukapauka na kufa ganzi, hiyo ni dharura ya saa hiyo. Na ikiwa kidonda hakijapungua hata kidogo baada ya wiki 4 za matibabu mazuri, arudi kwa daktari. Kidonda cha miaka mingi wakati mwingine hugeuka saratani, na hujulikana kwa kupima kipande kidogo cha nyama.

Uwe na subira, mama. Hata kikitunzwa vizuri, kidonda cha namna hii huchukua miezi kadhaa. Na kikifunga, kazi haijaisha. Mgonjwa ambaye damu yake hairudi juu atahitaji kuvaa soksi za kubana alizopimiwa, la sivyo kidonda hurudi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kidonda cha mguu kilichopita wiki 2 bila kupona kionwe na mhudumu wa afya.
2. Mguu upimwe kwanza, bendeji ya kukaza ifuate.
3. Pima sukari na shinikizo la damu la mgonjwa.
4. Tazama vidole kila siku.
5. Kidonda kiandikwe kipimo chake, ili mjue kama kinapona.

Kesho asubuhi, mwombe nyanya akuonyeshe miguu yake yote miwili. Wazee wengi huficha vidonda chini ya leso kwa kuona haya. Mwambie hana sababu ya kuona haya, na kwamba unajua pa kuanzia.