AHADI YA UPANGA: Kwa nini hadithi za mashujaa wa farasi hazichuji katika sinema?

Ndugu msomaji, mpe mtoto wa miaka saba kifuniko cha sufuria na mpini wa ufagio, kisha ukae kando umtazame. Kabla maji ya chai hayajachemka, kifuniko kitakuwa ngao, mpini utakuwa upanga, na mdogo wake atakuwa amekwisha piga magoti ili avikwe cheo. Mchezo huo hakufundishwa shuleni. Ameuona mara moja katika sinema, nao umemwingia.

Jambo hilo lina ajabu yake. Mashujaa hao wa Ulaya ya kale, waliovaa deraya na chapeo za chuma na kupigana kwa mikuki juu ya farasi, wametoweka tangu karne nyingi zilizopita. Zaidi ya hayo, hadithi yao iliyo mashuhuri kupita zote, yaani ile ya Mfalme Arthur wa Uingereza, huishia vibaya. Mfalme huanguka vitani, rafiki humsaliti rafiki, na ufalme huvunjika vipande vipande. Mtazamaji aujua mwisho huo kabla hajakaa kitini. Mbona basi huja tena na tena?

MFALME WA KUVISHWA

Wanahistoria hawana ushahidi wa hakika kwamba Arthur aliishi. Kama aliishi, basi ilikuwa karibu na karne ya 5 au ya 6, baada ya Warumi kuondoka, wakati wenyeji wa kisiwa kile walipokuwa wakipigana na Wasaksoni waliotoka ng'ambo ya bahari. Mtu wa zama hizo hakuwa na deraya ing'aayo kutoka utosini hadi unyayoni. Mavazi ya namna hiyo ni ya karne ya 15.

Waandishi ndio waliomvisha, kila mmoja kwa zamu yake. Karibu na mwaka 1136, Geoffrey wa Monmouth alimfanya mfalme mkuu katika kitabu cha Kilatini. Mwaka 1155 mshairi Wace akaleta habari ya Meza ya Mviringo: kwa kuwa wakuu waligombea nafasi ya mbele, waliwekewa meza isiyo na mbele wala nyuma. Baadaye Mfaransa Chrétien de Troyes akasimulia mapenzi ya shujaa Lancelot na Malkia Guinevere, mke wa Arthur. Mwishowe akaja Sir Thomas Malory, Mwingereza aliyeandika hali akiwa mfungwa. Kitabu chake kilimalizika karibu na mwaka 1470, na William Caxton akakipiga chapa mwaka 1485.

Zingatia wakati huo, ndugu msomaji. Uingereza ilikuwa imepasuka kwa vita vya koo mbili za kifalme. Malory aliandika juu ya udugu uliovunjika, huku wananchi wenzake wakichinjana. Alikuwa akiyasema ya leo yake kwa kinywa cha jana, na watengenezaji wa sinema wamefanya vivyo hivyo tangu hapo.

KIAPO NDICHO KISA

Katika kitabu cha Malory, mashujaa wa Meza ya Mviringo hula kiapo kila mwaka katika sikukuu ya Pentekoste. Huapa kutoua kwa dhuluma, kumhurumia aombaye huruma, kuwasaidia wanawake, na kutopigana kwa ajili ya mali katika ugomvi usio wa haki. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo siri ya mvuto wa hadithi hizi. Upanga ni alama tu; kisa ni kiapo. Shujaa si mtu mwenye nguvu tu, maana hata jambazi anazo nguvu. Shujaa ni mwenye nguvu aliyekubali kufungwa na neno lake.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo kila mtazamaji analo: mume kwa mkewe, mtumishi kwa kazi yake, rafiki kwa rafiki yake. Ndiyo sababu anguko la Lancelot hutuchoma. Kilichomwangusha si mkuki; alishindwa na moyo wake mwenyewe.

Sinema iitwayo Excalibur, iliyoongozwa na John Boorman mwaka 1981, yaonyesha jambo hilo vizuri. Kijana Arthur ameung'oa upanga jiweni, lakini wakuu wengi wanakataa kumtii mvulana asiye na cheo. Vita vyapiganwa, naye amshinda adui yake Uryens. Badala ya kumuua, Arthur amkabidhi upanga ule, apiga magoti majini, na kumtaka adui huyo amvike ushujaa. Wenzake Uryens wamhimiza auchukue upanga uwe wake. Uryens asita, kisha amvika Arthur cheo na kumwapia utii. Mkuu wa nchi aonekana mkubwa zaidi alipopiga magoti kuliko alipopanda farasi.

Baadaye, mfalme anapougua moyo kwa sababu ya usaliti, nchi nayo yakauka na watu wafa njaa. Shujaa Perceval ndiye agunduaye kwamba mfalme na nchi ni kitu kimoja. Mfalme anywapo katika Kikombe Kitakatifu na kutoka tena na majeshi yake, miti yachanua maua njiani. Ni picha isiyohitaji mkalimani.

WALIOIGEUZA

Si waongozaji wote waliokubali kung'arisha deraya. Mfaransa Robert Bresson, katika Lancelot du Lac ya mwaka 1974, alitumia watu wasiokuwa waigizaji wa kazi, akatusikilizisha chuma kikigongana kila shujaa achukuapo hatua. Katika mashindano ya mikuki, kamera yake yashughulika zaidi na miguu ya farasi. Mwishoni twaachwa na rundo la maiti za chuma msituni. Hapo hakuna tarumbeta, wala hakuna maua.

Mwaka uliofuata kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, kilileta kichekesho juu ya Kikombe hicho. Fedha zao zilikuwa haba. Basi mfalme wao hana farasi: arukaruka kwa miguu, na nyuma yake mtumishi agonganisha vifuu viwili vya nazi ili isikike milio ya kwato. Afikapo kwa wakulima wanaochimba tope, mwanamke mmoja amwambia kwamba yeye hakumpigia kura. Twacheka, lakini hoja yauma. Mashujaa wale walikula jasho la mkulima, na sinema nyingi hupita mbali na shamba lake.

Filamu ya The Green Knight ya mwaka 2021, iliyoongozwa na David Lowery, yatokana na shairi la Kiingereza la mwishoni mwa karne ya 14 ambalo mtunzi wake hajulikani. Jitu la kijani laingia barazani wakati wa sikukuu na kutoa changamoto: anipigaye leo, baada ya mwaka mmoja aje apokee pigo lile lile. Kijana Gawain alikata kichwa. Jitu laokota kichwa chake na kwenda zake! Sasa Gawain ana deni. Gawain huyo aigizwa na Dev Patel, mzaliwa wa London, ambaye wazazi wake wenye asili ya Gujarat walizaliwa Nairobi. Siku ifikapo, Gawain aona katika fikira maisha yote ambayo angeyaishi kama angekimbia: ufalme, mali, na moyo usio na heshima. Ndipo auvua mshipi aliodhani ungemwokoa, na kuitoa shingo yake. Filamu yaisha bila kutuonyesha pigo, kwa maana jambo lililokuwa likigombaniwa limekwisha amuliwa.

MZAZI AFANYE NINI?

Sinema hizi si zote za watoto. Excalibur ina umwagaji damu na mambo ya chumbani. Lancelot du Lac yaanza kwa kichwa kukatwa. Wadogo waanzie The Sword in the Stone, katuni ya Walt Disney ya mwaka 1963, ambamo Merlin amfundisha Arthur kwa kumgeuza samaki, kindi na ndege, ili ajue kwamba akili hushinda misuli.

Lakini lililo muhimu zaidi ni kukaa nao. Mtoto akiachwa peke yake, huenda akaondoka na panga tu. Basi jioni moja, mwanao atakapokujia na kifuniko cha sufuria mkononi, usimwulize ameua maadui wangapi. Mwulize ameapa nini. Kisha, ndugu msomaji, uwe tayari, kwa maana yaelekea atakuuliza na wewe.