Hodi Zisizokwisha za Kompyuta ya Nyumbani

Mtu apandaye kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, akaiacha barabara na kushika kijia cha vihambani, haioni nyumba mpaka ameifikia. Migomba na mibuni imesongamana kila upande, na mstari wa masale ndio unaomwambia kwamba kihamba cha fulani kimekwisha na cha mwingine kimeanza. Kwa hiyo mgeni hupiga hodi angali mbali, naye mwenyeji, akiwa jikoni au zizini, hujibu "Karibu!" kabla hajamwona anayeingia. Hujibu hivyo kwa sababu tangu utoto wake waliopiga hodi walikuwa jirani, shangazi, au mtoto aliyetumwa kuomba moto.

Ndugu msomaji, desturi hiyo njema tumeihamishia mahali isipostahili, napo ni mbele ya kompyuta.

Sote tumepata kuliona jambo lenyewe. Mtu ameketi sebuleni, anataka kuunganisha printa au kuweka programu mpya. Mara kioo kizima kinafifia, kila kazi inasimama, na katikati kinatokea kidirisha kinachouliza, kwa Kiingereza, kama mwenye mashine anairuhusu programu hii ifanye mabadiliko katika kompyuta yake. Pana vitufe viwili, "Yes" na "No". Mkono unakwenda kwenye "Yes" kabla jicho halijasoma mstari wa kwanza. Punde si punde kinatokea kidirisha kingine, na kingine tena, mpaka mtu anasonya na kuuliza mashine hii imenunuliwa ili ifanye kazi au ili iulize maswali.

Nayasema haya kwa sababu ya mkasa uliotokea katika nyumba moja ya mtaa wa Majengo, mjini Moshi. Wenyewe ni jamaa zangu, nao wameniruhusu kuusimulia mradi nisiwataje. Baba wa nyumba hiyo ni dereva. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na wanne cha kuweka na kukopa. Kwa miaka mitatu mama huyo aliandika hesabu za kikundi katika kompyuta waliyoinunua mkononi kwa mtu: hisa za kila mwanachama, mikopo, faini za kuchelewa, na mfuko wa misiba. Kompyuta ilikuwa na akaunti moja tu, na wote waliitumia hiyo hiyo, pamoja na kijana wao wa kidato cha pili.

Jumamosi moja kijana alipakua mchezo wa mpira wa miguu, nakala iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe. Kioo kikafifia. Kidirisha kilichotokea kilikuwa na ukanda wa rangi ya manjano, na maneno ya kusema kwamba mtengenezaji wa programu hiyo hajulikani. Kijana akabonyeza "Yes". Mchezo haukufunguka, naye akaenda zake uwanjani. Jioni mama alipokaa kuandika marejesho ya wiki, alikuta kila faili lina jina lisilosomeka, na barua ikidai malipo kwa fedha za mtandaoni kabla hesabu zake hazijarudishwa. Flashi yenye nakala ya hesabu ilikuwa imechomekwa muda wote huo, nayo ikaharibiwa pamoja na kompyuta.

Baba alitaka kumwadhibu kijana. Kijana akajibu, kwa adabu lakini bila kusita, "Lakini baba, wewe mwenyewe ulinifundisha kikija hicho nibonyeze Yes." Na kweli alimfundisha hivyo, siku walipounganisha printa, kidirisha kilipotokea mara tatu kwa jambo moja na mgeni yuko mlangoni anangoja.

KIBALI CHA ZAMANI NA KIBALI CHA SASA

Historia yetu ina kichekesho chake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mashine hizo kuleta gharama kubwa na hesabu zilizovurugika, serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta pamoja na televisheni, ila kwa idhini maalumu. Masharti hayo hayakulegea kabisa mpaka miaka ya mwanzo ya 1990. Katika zama zile mtu, au hata shirika zima, alipaswa kuomba kibali ili aipate kompyuta. Leo kompyuta imejaa kila mtaa, nayo ndiyo inayotuomba sisi vibali, mara kumi kwa siku. Wale wa zamani angalau walilisoma ombi kabla ya kupiga mhuri.

Kwa nini basi mashine iulize? Mtu wa Kilimanjaro ataelewa upesi akiukumbuka mfongo, yaani ule mfereji wa maji unaotoka mtoni juu na kuteremka ukipita vihamba. Kila nyumba yenye zamu huchota na kumwagilia bila kumwomba mtu. Lakini kuubomoa mdomo wa mfongo kule mtoni, au kuugeuza upite kwingine, ni jambo linalowagusa wote wa chini, na hapana budi wazee wa mfongo waambiwe. Kompyuta nayo ina kazi za kuchota na kazi za kugeuza mfereji. Kuandika barua, kusoma habari, kutazama picha, hizo ni kuchota. Kuingiza programu mpya, kuzima kinga ya virusi, kugusa mafaili ya mfumo wenyewe, huko ni kugeuza mfereji, na kunahitaji mamlaka ya msimamizi.

Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, karibu kila mtu nyumbani alifanya kazi zake zote akiwa na mamlaka hayo ya msimamizi bila hata kujua. Kwa hiyo programu yoyote aliyoifungua, njema au mbaya, ilishika jembe lile lile na iliweza kuugeuza mfereji pasipo kuuliza. Virusi vilistawi kwa namna ambayo wengi tunaikumbuka. Ndipo kampuni ya Microsoft, katika Windows Vista iliyoanza kuuzwa kwa watu wote tarehe 30 Januari 2007, ilipoleta utaratibu wa kidirisha: hata msimamizi mwenyewe angefanya kazi za kila siku kama mtu wa kawaida, na jambo la kugeuza mfereji likitokea, aulizwe kwanza. Kule kufifia kwa kioo si pambo. Wakati huo kidirisha huwekwa mahali pa peke yake ambapo programu nyingine haziwezi kujibonyezea "Yes" kwa niaba yako.

Watu walikasirika mno. Kampuni ya Apple ilitengeneza tangazo la televisheni la kuwadhihaki. Mwezi Aprili 2008 mmoja wa wakuu wa kazi hiyo katika Microsoft, David Cross, alikiri hadharani kwenye mkutano wa usalama huko San Francisco kwamba kidirisha kilitiwa ili kiwaudhi watumiaji. Maana yake ni kwamba mtumiaji akiudhika atawashutumu watengenezaji wa programu, nao watalazimika kuacha mazoea ya kudai mamlaka yasiyowahusu. Mimi naona kwamba kuwaudhi mamilioni ya watu ili ujumbe uwafikie wachache ni njia ya ukali kupita kiasi. Lakini haikukosa matunda: kwa takwimu za Microsoft yenyewe, kati ya Agosti 2007 na Agosti 2008 idadi ya programu na kazi zilizoleta kidirisha ilishuka kutoka 775,312 hadi 168,149. Mwaka 2009 Windows 7 ikapunguza hodi tena, ikampa mwenye mashine kitelezi chenye ngazi nne za kuchagua.

Kitelezi hicho ndicho kilichozaa balaa jingine. Mteja akilalamika kwamba kidirisha kinamsumbua, wako mafundi wanaokishusha hadi chini kabisa na kupokea shukrani. Kimya kinapatikana, lakini kwa mwenye akaunti ya msimamizi, kimya hicho maana yake ni kwamba kila aombaye amekwisha kukubaliwa. Ukinunua kompyuta iliyotumika, kagua kitelezi hicho siku ile ile.

HODI ULIYOITA NA HODI USIYOIITA

Dawa ya hodi nyingi ni kuondoa zile za bure, ili zile chache zinazobaki zisikike. Programu inayoomba mamlaka kila inapofunguliwa aghalabu ni ya zamani, iliyoandikwa enzi za XP wakati kila mtu alikuwa msimamizi. Tafuta toleo jipya la programu hiyo. Programu ya kuandikia barua haina haki ya kudai jembe kila asubuhi.

Jambo kubwa zaidi ni akaunti. Ile inayofunguliwa kwanza kabisa katika Windows huwa ya msimamizi, nasi hukaa nayo hiyo hiyo miaka yote. Ifaavyo ni kufungua akaunti ya pili katika mipangilio, kuipa hiyo mamlaka ya msimamizi na neno la siri, kuingia humo na kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Baada ya hapo, na si kabla, ile ya zamani igeuzwe kuwa ya kawaida, na mtoto afunguliwe yake. Tangu hapo kidirisha hakitoshelezwi na "Yes" tu, kwani kinadai neno la siri la msimamizi. Kijana hatalijua, na mzazi, kwa kulazimika kulichapa, atapata nafasi ya kusoma.

Asome nini? Jina la programu, na jina la mtengenezaji. Katika Windows za miaka hii ukanda wa buluu huonyesha kwamba mtengenezaji ametia saini inayotambulika. Wa manjano kwamba hajulikani. Mwekundu kwamba programu imezuiwa. Buluu si cheti cha tabia njema, maana yake ni kwamba aliyegonga amejitambulisha. Swali lililo kubwa kuliko rangi ni hili: mimi ndiye niliyeita? Kama sasa hivi umeamuru printa iwekwe, hodi hiyo umeiita. Kama ulikuwa unasoma habari tu na kioo kikafifia chenyewe, bonyeza "No". Ukikosea kwa kukataa, utalijaribu jambo tena; ukikosea kwa kukubali, hakuna kitufe cha kurudisha.

Simu zetu zina hodi zake. Tangu Android ya 6, mwaka 2015, programu hulazimika kuomba wakati wa kazi ruhusa ya kuona majina ya watu uliowahifadhi, picha zako, mahali ulipo. Wananchi wengi waliokopa kupitia programu za mikopo walitoa ruhusa hizo bila kufikiri, wakaja kulia pale wadai walipotuma ujumbe wa fedheha kwa wakwe zao na wakubwa wao wa kazi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mkopo wa shilingi elfu hamsini hauhitaji kumjua shangazi yako.

Lakini msomaji asidhani kidirisha kinazuia kila ovu. Mwizi anayetaka nguo zilizoanikwa uani hana haja ya kubisha mlango wa chumbani. Vivyo hivyo programu ya uharibifu inaweza kuyafunga mafaili yako mwenyewe, barua na picha na hesabu, kwa uwezo wa mtumiaji wa kawaida tu, bila kuomba lolote. Katika nyumba ya Majengo lile "Yes" liliiwezesha pia kuzima kinga na kufuta nakala ambazo Windows hujiwekea akiba. Na Mei 2017 virusi vya WannaCry, vilivyoenea katika nchi zipatazo 150, havikumwuliza mtu. Vilipita kwenye ufa ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tangu Machi mwaka huo, kwa wale waliokipokea. Kwa hiyo pokea viraka, na nakala ya hesabu iwe katika flashi inayochomekwa wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe na kuwekwa kabatini.

Jamaa zangu hawakulipa fidia iliyodaiwa. Mama aliwaeleza wanachama ukweli wote katika kikao, jambo ambalo nalihesabu kuwa gumu kuliko ufundi wowote nilioueleza hapa, kwani fedha za watu zikipotelea katika mashine, neno la kwanza linaloingia kichwani ni wizi. Kilichomwokoa ni vile vitabu vidogo vya karatasi ambavyo kila mwanachama alibaki navyo nyumbani. Vilikusanywa ishirini na vitatu; cha ishirini na nne kilikuwa kimeliwa na mchwa, na mwenyewe akaaminiwa kwa kauli yake. Jumapili mbili nzima waliketi chini ya mti wa parachichi, mmoja akisoma, mwingine akiandika, hisa kwa hisa. Mwishoni zilipungua shilingi 14,500 zisizopatikana maelezo. Mama akazitoa mfukoni mwake, ingawa wenzake walimkataza.

Nilipowatembelea hivi karibuni, kompyuta ilikuwa na akaunti tatu. Kijana aliita kutoka sebuleni, "Mama, inaomba neno la siri!" Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akajibu, bila kuinuka, "Nani huyo, na umemwitia nini?"